Ukuta wa Wifi

"Hao watu wenu hawasemi," wifi yangu aliniambia, amesimama mlangoni kwangu na mkasi mkononi. "Nasikia upepo. Halafu mlango. Halafu upepo tena. Nimeshona mkono wa shati nikasahau kuuunganisha na shati lenyewe. Hiyo ni tamthilia au utabiri wa hali ya hewa?"

"Sikuitunga mimi," nikamjibu. "Ukitaka kuona, kiti kipo. Pita ukae."

"Nikikaa nani atashona? Wewe?"

Neno la kushona kati yangu na yeye lina historia, na sikutaka kuliamsha.

"Basi nahama," akasema. "Yule mwenye chumba cha barabarani kaniuliza tena jana. Kule kuna mwanga, kuna wapita njia. Nimemwambia nitampa jibu siku shule zitakapofunguliwa. Hapa nilikuwa nakaa kwa ajili ya ukuta, na ukuta wenyewe siku hizi ni bubu."

Asiyejua habari ya ukuta atadhani wifi yangu ana kichaa. Hana. Ana maneno tu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na nadhani walipogawiwa ulimi yeye alichukua fungu la wote wawili, maana mdogo wake unaweza kula naye mchana na usiku usipate sentensi iliyokamilika.

Ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kimepakana na sebule yetu, na ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule unapewa pole. Televisheni yetu imeegemea ukuta huo, na cherehani yake imeegemea ukuta huohuo upande wa pili. Zimepeana migongo kama mke na mume waliogombana.

Hivyo ndivyo alivyofuata *Kituo Kikuu*, ile tamthilia ya polisi iliyoanza mwanangu wa kwanza akitambaa, ikaisha akinyoa ndevu. Hakuitazama hata jioni moja. "Macho ni ya mteja," alikuwa akisema, "masikio ni yangu." Mkaguzi akishusha sauti kumhoji mtu, kanyagio linasimama. Mkaguzi akipiga meza, cherehani inatimka mbio. Wanawake wa mtaa huu, ukichungulia magauni yetu kwa ndani, utaona mahali mshono uliposimama ukaanza upya. Gauni langu la bluu limesimama kwapani. Pale ndipo mhasibu wa benki alipotiwa pingu.

Siku moja nilimuuliza anapenda nini hasa kwenye habari za wezi na maiti.

"Napenda wanavyomaliza," akasema. "Mimi maisha yangu ni vipande, wifi. Mtu analeta kitambaa, anabadili mawazo, anapotea, anarudi amenenepa, anasema vipimo nilikosea mimi. Pale kituoni wanaanza na vipande kama mimi, lakini jioni ileile nguo imesimama na mwenyewe amevishwa."

Kuliko wote alimpenda Sajini, yule mwanamke wa kituoni asiyekauka kikombe cha chai, aliyekuwa akiongea na maiti kama aliowakuta sokoni. "Yule ni mtu wangu," wifi alisema. "Tungekaa nyumba moja tungeuana, lakini ni mtu wangu."

Sasa habari ya deni langu la kushona. Mwishoni mwa *Kituo Kikuu* ikajulikana kuna mtu mle ndani anayewauzia majambazi siri. Mimi nikasema ni mfagiaji, maana nilimwona kila mara yuko karibu na mlango. Wifi akasema ni karani wa stoo. "Wewe hata sura ya karani huijui," nikamwambia. "Akiwa ni yeye, nakushonea vifungo vya sare zote za msimu mzima wa shule, bure." Akawa ni karani. Kumbe kila akitaka kudanganya alikuwa anakohoa kwanza. Mimi mwenye macho yangu mawili sikuwahi kukigundua kikohozi hicho.

Vifungo hivyo sikuvishona. Msimu wa kwanza mgongo uliniuma. Wa pili nilikuwa na wageni. Wa tatu sikuwa na sababu, nikajifanya nimesahau, naye kwa makusudi akaniacha nijifanye.

*Kituo Kikuu* kikafungwa, na Sajini akapewa tamthilia yake peke yake. Tulifurahi kama waliopandishwa cheo sisi. Lakini waandishi wakamuua mume wake, wakamhamishia mji wa milimani wenye ukungu, wakamkata na ulimi. Anazunguka, anatazama, anavuta pumzi. Mimi naipenda, sifichi. Picha zake ni nzuri, na ndani kuna daktari mmoja mwenye meno ya kukupotezea njia. Lakini kwa mtu wa ukutani ni njaa tupu.

"Amefiwa, sawa," wifi alilalamika. "Lakini hata wafiwa huongea. Mimi nilipofiwa nilinyamaza?"

"Hukunyamaza," nikakubali. "Hata padri alikuomba umpe nafasi."

Aliposema anahama sikumwambia abaki. Mimi na wifi hatuambiani vitu vya namna hiyo. Ila kesho yake jioni, Sajini alipoanza tena kutazama dirisha, nilisogeza kiti changu hadi ukutani nikasema kwa sauti, "Anatazama nje. Kuna gari jeupe limesimama."

Kule kanyagio likasimama. Kisha sauti ikapita ukutani, "La nani?"

Nikawa mtangazaji. "Anafungua droo. Anatoa picha. Anaigeuza nyuma." Mume wangu akaguna. "Mnanipigia kelele," akasema, na kwake hiyo ni hotuba. Lakini hakuondoka kwenye kiti chake.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, maana msikilizaji wangu hakuridhika na kitu. Nikisema daktari anatabasamu, ananijibu, "Unaniambia meno yake kila siku. Mikono yake iko wapi?" Nami nalazimika kutazama mikono, ambayo sijawahi kuitazama. Siku moja alinisema mbele ya wateja kuwa nimenenepa, nikaamua kumkomesha. "Sajini amelala," nikatangaza, wakati Sajini yuko anapanda ngazi za nyumba ya bwana mmoja anayelinda msitu, niliyemshuku mimi kuwa ndiye aliyemuua mume wa Sajini.

"Aliyelala havai viatu," ukuta ukajibu. "Nasikia visigino. Sema kweli, na bado umenenepa."

Tukaenda hivyo mpaka karibu na mwisho. Jioni moja, taa zikazimika ndani ya nyumba ya Sajini, mkono ukatokea gizani, nikapiga ukelele wa kutoka tumboni. Ng'ambo wifi akaruka, na sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole chake cha shahada.

Muuguzi alimfunga bandeji nene kama kizibo. Mshono ulionyooka angeweza kuuongoza kwa kiganja. Vifungo, hapana, kifungo kinataka vidole. Na shule zilikuwa zinafunguliwa keshokutwa.

Ikafika jioni ya sehemu ya mwisho, mkesha wa shule. Nilipika mapema, nikaoga, nikapanga viti. Muziki wa kuanza ulipopiga, nikasogea ukutani nikasema, "Uko tayari?"

Hakujibu. Hata kanyagio sikulisikia.

Nikatoka nikamfuata. Nilimkuta kwenye kigoda, mashati meupe yamemzunguka hadi kiunoni, anajaribu kushika sindano kwa mkono wa kushoto. Kifungo kilikuwa kimemkimbia mpaka chini ya meza.

"Rudi kwako," akasema bila kuinua uso. "Inaanza. Leo usinitangazie, nina kazi."

Nilisimama kizingitini. Huku mashati, kule Sajini. Nisiseme uongo, nilitazama kule kwanza. Kisha nikavuta kigoda cha pili, nikachukua uzi.

"Msimu mzima nilikuahidi," nikasema. "Tuanzie hapa."

Akaweka sindano chini. "Mgongo je?"

"Umepona."

"Na wageni?"

"Wameondoka. Nipe vifungo, wifi, usinichunguze kama Mkaguzi."

Akacheka, akarudi kwenye cherehani kumalizia kola. Ukutani upepo ukaanza kuvuma, mlango ukafungwa, upepo tena. Sasa nikaelewa alichokuwa akilalamikia. Ni mateso.

Ghafla, ng'ambo, mtu akasafisha koo.

"Amesimama," ikasema sauti ya mume wangu.

Tukatazamana.

"Nani?" wifi akauliza ukuta.

"Yeye."

"Yeye nani, mdogo wangu? Wako wangapi hapo?"

Kimya cha kuhesabu. "Watatu."

"Basi mtaje mmojammoja, hulipii."

Kama mlango uliokaa miaka bila mafuta, mume wangu akafunguka kwa kukwaruza. Kwanza neno, kisha mawili. "Sajini. Amevua kofia. Ameiweka mezani, upande wa daktari." Kisha, "Anamimina chai. Vikombe viwili. Cha kwake hakigusi." Wifi akaniinulia nyusi. Mimi tangu siku ya harusi sijawahi kumsikia mtu huyu akieleza kikombe.

Na pale kwenye chai, Sajini akaongea. Aliongea kama zamani, maneno yakifuata maneno, akimwuliza daktari habari za barabara, za mvua, za gari jeupe. Kanyagio likasimama. Daktari akajibu, na mimi nikamsikia kwa mara ya kwanza bila meno yake. Alikuwa anacheka kabla swali halijaisha. Kila swali. Mtu asiyejua anachoulizwa anawezaje kucheka?

Sindano ikasimama mkononi mwangu. "Ndiye muuaji," nikasema.

"Umechelewa," wifi akasema, "lakini umefika."

"Daktari anatazama mlango," mume wangu akatangaza, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Anataka kukimbia. Mlango unafunguliwa. Dada, mlangoni yupo..."

"Usiniambie," wifi akasema. Alikuwa ameweka mkono wenye bandeji ukutani. Nami nikazisikia hatua, nzito, moja ikiburuzwa kidogo. "Viatu vile ni vyake. Ni Mkaguzi. Amekuja kumsaidia."

"Ni Mkaguzi," mume wangu akasema ng'ambo, sauti yenyewe kama ya mtu aliyepokea mgeni stendi. "Amezeeka, dada. Ana mvi. Lakini ni yeye."

Tulicheka pale katikati ya mashati mpaka wifi akafuta macho kwa pindo la sare ya mtoto wa watu. Pingu zikalia. Muziki ukapiga. Mume wangu akaendelea kutangaza hata majina yanayopita mwishoni, mpaka dada yake akamwambia inatosha, apumzike, amefanya kazi ya miaka yote kwa jioni moja.

Vifungo nilivimalizia baadaye, naye akipiga pasi. Alipoipiga pasi kola ileile mara ya tatu nikajua anatafuta namna ya kusema kitu bila kukisema.

"Yule wa barabarani akija kesho," akasema, "mwambie asinisubiri. Kule kuna mwanga, lakini mtangazaji hakuna."

"Asante," nikasema.

"Si wewe. Namsema mdogo wangu. Wewe ulikuwa unanisomea meno tu."

Akachukua mashati niliyoshona, akaanza kuvuta kifungo kimojakimoja, kama anavyowafanyia wasichana wanaokuja kujifunza kazi. Vilishika. Shati la juu kabisa akalivuta, na kifungo cha pili kutoka kolani kikabaki mkononi mwake.

"Hiki," akasema, "ulikishona Mkaguzi akiingia."

"Kilete nikirudie. Na kesho nitakuja kwa sare nyingine zitakazoletwa. Nilisema msimu mzima."

"Hapana." Alikishika kifungo kwa mkono wa kushoto, akakiweka kwenye kikopo chake. "Deni limekwisha. Unashona vibaya, wifi. Nikikuachia ulipe lote, utanifilisi."