Gauni la Kumpokea Waziri

Juzi asubuhi nilikuwa kwa fundi cherehani mtaani Kanyenye, nasubiri suruali yangu ipunguzwe kiuno. Redio ilikuwa bungeni Dodoma, kwenye maswali na majibu. Kando yangu alikaa mama mmoja wa vijijini huko Nzega, kitenge kipya mapajani.

Mara mbunge wake akasimama: lini Serikali itaezeka boma la zahanati ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao?

"Kuta zile nimezibebea maji mimi," mama akaniambia, akigusa utosi wake. "Sasa humo wanalala mbuzi."

Kabla Naibu Waziri hajajibu, fundi akamwigiza: "Fedha zitakapopatikana, Mheshimiwa Spika." Redio ikasema vilevile. Tukacheka. Mama hakucheka.

Likaja swali la nyongeza: je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana na mbunge, akajionee mwenyewe?

"Niko tayari."

Jibu hilo sisi tumelizoea kama mlio wa cherehani. Mama alisimama, akamkabidhi fundi kitenge kwa mikono miwili.

"Baba, uniwahishie hili gauni. Mgeni akija, siwezi kumpokea na haya matambara."

Fundi akanitazama. Kisha akaitoa suruali yangu kwenye cherehani, akachukua futi, akaanza kumpima mama mabega, polepole, kama anayempima bibi harusi.

Mheshimiwa Naibu Waziri, mimi bado navaa suruali ya zamani. Gauni limekwisha kushonwa, na limemkaa vizuri. Tunakungoja.