Tulivyosubiri Ndoa

Hapana dada, hili siyo joto. Upele wa joto haupasuki ukawa vidonda mpaka uogope kukojoa. Nilimjibu hivyo dada yangu tukipara samaki, sato, jikoni kwetu Kirumba, nikamwambia nahisi ni ugonjwa wa zinaa.

"Sasa ugonjwa wa zinaa utaupataje na hamjalala? Mchumba wako kakutumia kwa simu?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilimwambia ukweli huku macho yangu yako kwenye magamba. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na mimi na mchumba wangu tulishasimama mbele ya kwaya tukaahidi kusubiri ndoa, wakatupigia vigelegele. Kweli hatukulala. Ila tulivua nguo, tukagusana huko chini, tukajiona bado tumetunza ahadi. Shuleni mwalimu wa baiolojia alisema wazi kwamba yapo magonjwa yanayoambukiza kwa ngozi kugusana tu. Niliandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani, basi.

Dada akaacha kupara. "Nenda Magu, huko hawakujui."

Alijua kwa nini sikutaka kutibiwa hapa kwetu. Nesi wa zahanati yetu anaimba na mimi sauti ya kwanza kwenye kwaya. Kwa aibu hiyo nilikuwa nimepoteza wiki nzima nikipaka dawa ya fangasi. Na mchumba wangu je, naye nimfiche?

Nikaamua nitamwambia, na kesho yake asubuhi mimi na yeye tutaenda wote kwenye zahanati hapohapo Kirumba. Nitamwamkia nesi shikamoo, halafu nitamweleza tulichofanya, chote.