Mashapo ya Malmal

Saa moja asubuhi, kafyu ikiwa imeisha punde, Kerrow Olow anafungua sanduku la joto katika maabara ya hospitali moja ndogo mjini Garissa na kutoa sahani ya kioo. Ndiyo ya mwisho. Ni mwaka 1966, vita vya kutaka kujitenga huku havijaisha, barabara ina mabomu, na lori za dawa zimechelewa siku kumi na tisa. Penisilini imekwisha.

Kerrow, 31, aliingia hapa kuosha chupa, sasa ni msaidizi. Sahani yake ina supu ya mbuzi iliyogandishwa kwa unga wa mwani, ikapakwa usaha wa kidonda ili vijidudu viote. Anachopima ni malmal, utomvu mchungu ambao wanawake wa huku huutia vidondani.

Jambo moja linamnyima raha. Shangazi yake, Khadijo, alifukuzwa wodini kwa kumpaka mgonjwa utomvu huo. Msimamizi wa hospitali aliuita uchafu. Mkuu wa maabara, Bwana Gichuki, mtu wa Nyeri asiye na maneno mengi, aliahidi kumtetea iwapo sahani zitamtetea kwanza.

Nne za mwanzo zilimwangusha. Kerrow alichemsha malmal, akaichuja kwa kitambaa kama alivyozoea kuchuja kila kitu. Vijidudu vikastawi kama vimealikwa karamu.

Juzi Khadijo alimkuta uani akikung'uta kitambaa, akacheka waziwazi.

"Kerrow, hii umemwaga ndio dawa," alimwambia. "Hii umebakisha ni maji tu. Wallahi, nani alifundisha wewe?"

"Niliona aibu," anakiri Kerrow. "Na mimi ndiye mwenye koti jeupe."

Aliyaokota mashapo, akayayeyusha kwa spiriti, akalowesha kipande cha karatasi na kukikausha. Kingine alikilowesha spiriti tupu, asije akajidanganya. Vyote viwili akaviweka sahanini.

Sasa anaiinua dirishani. Karatasi ya spiriti imemezwa na vijidudu. Ya malmal imezungukwa na duara safi. Gichuki analipima kwa rula, kisha analipima tena: milimita kumi na nne.

"Sahani si mguu wa mgonjwa," anasema. Halafu anavaa kofia yake na kwenda kumwona msimamizi.

Kerrow ana furaha hata chai imempoa mkononi. Barabara ikifunguka, anataka kuupeleka utomvu huo Nairobi ukapimwe zaidi, na yeye mwenyewe abaki huko asomee kazi hii.

Saa nne Khadijo anapita dirishani na kikopo chake cha malmal, anaingia wodini. Hakuna anayemzuia.

"Nikifika Nairobi," anasema Kerrow, akimfuata kwa macho, "sitamwaga kitu kabla ya kumuuliza shangazi."