Kigoda Kisichoshika Vumbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mlangoni nikaambiwa niingie upya. Ilikuwa Malangali, hapa hapa Sumbawanga, asubuhi ya baridi yetu ya Juni inayopenya hata sweta mbili. Mwajiri wangu, Mzee Pieter, alisimama katikati ya sebule iliyojaa ngoma, vyungu na vinyago. Mzungu huyu aliletwa Ufipa na mkataba wa kuchimba visima. Mkataba ukaisha, yeye akabaki akikusanya kazi za mikono ya watu.

"Umesalimia?" akaniuliza.

"Nimekusalimia, Mzee. Shikamoo."

"Siyo mimi. Yeye." Akaonyesha kigoda cha miguu mitatu karibu na dirisha. Hakikuwa na mtu.

Nilimwona amerukwa na akili. Lakini nilihitaji kazi, basi nikatoka, nikaingia tena, nikachuchumaa na kupiga makofi polepole kama tunavyowasalimu wakubwa kwetu Ufipa. Ndipo akanikabidhi brashi.

Kazi ya kutunza mkusanyiko si kufuta vumbi tu, wanangu. Kwenye mbao hatukutumia kitambaa kibichi hata siku moja, maana mti ukinywa maji unapasuka ukikauka. Tulitumia brashi ya manyoya laini, kutoka juu kwenda chini. Kinyago kikiingiwa na wadudu tulikifunga kwenye mfuko wa plastiki tukakilaza kwenye friza mpaka wadudu wafe kwa baridi. Friza ni hilo hilo la migebuka, samaki wa ziwani aliyoletewa kutoka Kipili, na shemeji yangu mmoja aliyetumwa kuchukua samaki alikutana uso kwa uso na kinyago. Hakuonekana tena nyumba ile.

Najua watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga wanaanza kunitania habari za uchawi. Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya, na uchawi siujui. Nasema nilichokiona. Vumbi la kiangazi lilitua juu ya kila kitu nyumbani mle, isipokuwa kwenye kigoda kile. Nilipomwambia Mzee Pieter, hakushtuka.

"Kinakaliwa," alisema, akaendelea na chai yake.

Kilikuwa cha marehemu baba yake Mzee Gaspar. Huyu Gaspar, mzee wa ukoo wa wafua chuma, alikuwa amezika watoto wake wote. Alipoona hana wa kumwachia, alikileta kwa Mzee Pieter na kuomba mambo mawili: kisalimiwe kila asubuhi, na kisitoke Ufipa. "Baba hajazoea ugenini," alisema. Mzee Pieter akatoa neno lake, wakashikana mikono.

Miaka ikapita, akaja Mhifadhi Mkuu wa makumbusho kutoka Dar es Salaam kuandaa maonyesho ya mkusanyiko ule huko kwao. Akazunguka sebule, akasimama dirishani.

"Mzee, bila hiki maonyesho yako ni nusu."

Mzee Pieter alipenda kusifiwa, sitamficha. Aliniambia nifungashe.

"Ulitoa neno lako, Mzee," nikasema.

"Ni wiki chache tu, Mama Yustina. Kitarudi."

Nikakizungushia pamba, nikakiweka kwenye sanduku la mbao, gari likaondoka. Kesho yake, kwa mazoea, nikachuchumaa mlangoni na kupiga makofi. Nikajicheka. Kisha nikatazama sakafu, kicheko kikanikauka. Vumbi la usiku lilitanda chumba kizima, ila pale dirishani palibaki nafasi mbili safi, za ukubwa wa nyayo za mtu mzima. Kigoda kilikwenda. Mwenyewe hakwenda.

Nikafagia. Asubuhi iliyofuata nyayo zilikuwa zimesogea kuelekea mlangoni, na iliyofuata zikasogea tena. Niliogopa, nasema wazi. Nikamwita Mzee Pieter. Aliziangalia, kisha akachuchumaa na magoti yake mabovu, akapiga makofi.

"Mama Yustina," akasema, "nimemwacha baba wa watu amesimama."

Siku hiyo hiyo alipanda basi la Dar es Salaam. Aligombana na Mhifadhi Mkuu mbele ya wageni, akarudi amepakata kigoda mapajani njia nzima. Tulipokiweka dirishani, nyayo hazikuonekana tena.

Mzee Pieter alipofariki tulimzika hapa hapa, kama alivyotaka. Kabla ya hapo alinishika mkono akaniambia neno moja tu, "Msalimie." Vitu vyote vikawa vya mpwa wake, binti mpole mwenye haraka, aliyekuja na wafungashaji kuvipeleka kwao. Nilimweleza habari ya kigoda. Akatabasamu, akakikalia ili apigwe picha. Akainuka upesi.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" akauliza. "Kina joto."

Ilikuwa Julai, na nyumba ile haikuwa imewashwa moto tangu msiba.

"Mwenyewe," nikamjibu.

"Hiki kibaki," akasema, akajipangusa mikono. Vingine vyote vikaondoka. Iliniuma kuona kuta zimebaki misumari mitupu.

Nikastaafu na kigoda chini ya kwapa. Kiko kwangu Mazwi, karibu na dirisha, na kila asubuhi nakisalimu. Binti yangu Yustina, mwenye duka hapo nje, alinicheka miaka yote. Watu wakiniuliza yule mzungu alituachia nini, nawaambia alituachia kazi.

Kiangazi kilichopita niliona sakafuni, kando ya kigoda, nafasi mbili safi katikati ya vumbi. Hizi zilikuwa na umbo la soli za buti, na buti zile za Mzee Pieter nilizipiga brashi mwenyewe miaka mingi. Nilikaa chini nikalia. Kisha nikaenda kwa fundi seremala kuagiza kigoda cha pili. Nisingeweza kumwacha amesimama.

Jana nilimkuta Yustina chumbani, brashi mkononi, hacheki. Alikuwa anapima kwa macho nafasi iliyobaki kando ya vigoda viwili.

"Mama," akaniuliza, "wewe utapenda kukaa upande upi?"

"Upande wa dirisha," nikamwambia. "Ila usiwe na haraka na fundi."