Kanzu ya Kayafa

Kwa kushona, Rebeka hakuwa na mpinzani Magomeni nzima, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kukuambia. Alikuja Magomeni hii ya Mtwara kutoka Songea akimfuata mume aliyepata kazi bandarini, na tangu hapo mavazi yote ya igizo la Ijumaa Kuu yalikuwa mikononi mwake. Yesu na mitume aliwavika shuka nyeupe, Bikira Maria buluu. Wayahudi? Ah, hao ndio alikuwa akiwafanyia kazi hasa. Aliwakatia pua za sponji ya godoro, ndefu, zimepinda, akawavika kanzu na kofia. Watu wakiwaona tu wanazomea.

Kanzu aliziazima kwa jirani yake, Bi Mwanahawa. Ile nzuri kupita zote, yenye darizi ya hudhurungi shingoni, ilikuwa ya marehemu mumewe, Mzee Alawi, na kila mwaka alivikwa Kayafa, kuhani mkuu aliyetaka Yesu auawe. Bi Mwanahawa aliombwa kanzu za igizo la kanisani, akazitoa zimepigwa pasi. Hakuuliza zaidi, na Rebeka hakusema zaidi.

Mwaka jana igizo lilipokwisha, watoto wa kipaimara walimkuta Mustafa, mjukuu wa Bi Mwanahawa, anatoka msikitini na kofia yake kichwani. Wakamkimbiza mpaka mlangoni kwao wakimwita Myahudi muuaji. Rebeka alisikia, akacheka, akasema watoto hao bwana.

Mwaka huu akaja paroko mpya, Padri Isaya. Zile pua alipoziona juu ya cherehani, hakucheka.

"Mama Upendo," akamwuliza Rebeka, "Bikira Maria alikuwa kabila gani?"

Rebeka nusura aseme Mkatoliki. Kisha akajibu polepole kwamba alikuwa Myahudi. Na Petro? Myahudi. Na Yesu mwenyewe? Hapo Rebeka akauweka mkasi chini.

Basi padri akavuta kiti akamsimulia, wala hakupunguza neno. Kwamba huko Ulaya, kwa mamia ya miaka, Wakristo waliweza kutoka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu wakashika marungu, wakaenda mtaa wa Wayahudi. Kwamba siku hiyo Wayahudi walifunga milango wakakaa kimya na watoto wao. Kwamba mapadri kama yeye walihubiri kuwa hao ni wauaji wa Mungu, kizazi hata kizazi, mpaka ikafika siku wakauawa kwa mamilioni, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Roma ilishalikataa fundisho hilo tangu miaka ya sitini, alisema, ila pua zimebaki.

Rebeka alitaka kubisha. Huku kwetu hakuna hata Myahudi mmoja, Padri, tumemkosea nani? Lakini hapo akamwona mawazoni Mustafa akikimbia na kofia yake. Halafu likamjia jingine lililomkata maini: mwaka huu igizo litapita mbele ya nyumba ya Bi Mwanahawa. Ataiona kanzu ya mumewe. Na Mzee Alawi ndiye aliyemchimbia kaburi mama yake Rebeka, masika yale barabara zilipokatika na ndugu wa Songea wakashindwa kufika. Jirani wa namna hiyo ukimpoteza, utampata wapi tena?

Pua akazitupa jalalani. Yesu akamshonea kanzu mpya. Petro kanzu, Kayafa kanzu, umati wote kanzu, hata Yuda.

Siku ilipofika, watu wakakosa wa kumzomea. Wote walikuwa wa nyumba moja. Wakabaki kutazama, na wengine wakalia. Bi Mwanahawa alisimama barazani kwake na Mustafa, akaitazama kanzu ya mumewe ikipita.

Jioni Rebeka akaipeleka kanzu ya Mzee Alawi.

"Mzee leo alikuwa nani?" Bi Mwanahawa akauliza.

Rebeka akamweleza: Yusufu wa Arimathaya, Myahudi, mzee wa baraza, aliyemzika Yesu katika kaburi lake mwenyewe.

"Na miaka iliyopita?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. "Kayafa," akasema. "Aliyetaka auawe. Tena nikampachika pua ya kuchekesha. Nisamehe, Bi Mwanahawa."

Mwenzake akaikunja kanzu taratibu. Akasema alikuwa anajua. Alionyeshwa kwenye simu mwaka juzi, akaumia, akakaribia kumfungia mlango. Kisha akajiambia Mama Upendo si mtu mbaya, ipo siku ataona. Ila umechelewa, shoga yangu, akaongeza, na akatabasamu.

Rebeka akashusha pumzi aliyokuwa ameishika wiki nzima. Alicheka huku machozi yanamtoka, wala hakuona haya.

Bi Mwanahawa akamrudishia kanzu mikononi.

"Nabii Issa sisi hatusemi kafa," akasema. "Lakini kuzika, mume wangu alijua. Kaa nayo."