Urusi Isiyokimbiwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika Urusi ambayo hakuna mtu aliyeikimbia.

Ilikuwa riwaya, angalau mimi niliiita hivyo. Ndani yake mapinduzi hayakutokea, Tsar, mfalme wao, alibaki kwenye kiti chake, na vitukuu wake wanatawala mpaka leo. Hakuna aliyenifundisha kuandika. Habari za watawala wale nilizisoma kwenye simu, wakati wa mapumziko katika ghala ninakofanya kazi, mjini Irving, jirani na Dallas, nikajua hata vifungo vya makoti ya walinzi wao. Sura ya kwanza niliiandika upya mpaka nikaichukia. Nikamwambia dada yangu nitamsomea yeye tu, na akicheka pasipochekesha, naifuta yote.

"Basi utanisomea njiani," alisema. Alikuwa anahama mtaa wetu wa Vickery Meadow kwenda mji wa Katy, alikopata kazi ya kuhudumia wazee, na mimi nilikuwa namsindikiza na magodoro yake.

Nilianza tulipoiacha Dallas, yeye kwenye usukani, mimi nikisoma kwenye simu. Kila aya nilisimama, nikabadilisha neno.

"Soma, bwana! Utanifanya nipitwe na exit, njia yetu ya kutokea barabara kuu."

Nikasoma. Jumba la kifalme, theluji, gwaride, mpishi anapita na birika la chai. Hapo kwa mpishi akacheka. Kidole changu kikaenda kwenye kitufe cha kufuta.

"Unacheka nini?"

"Huyu mpishi wako. Yuko jikoni toka alfajiri, hachoki, hasikii njaa, hamsengenyi hata mtu mmoja. Mpishi gani huyo?"

"Nchi yao ina amani, dada. Mfalme hakuondolewa."

"Kwa hiyo na sisi Warundi tungebaki na mfalme wetu, mama asingekimbia? Tusingezaliwa kambini Tanzania?"

Nilitaka kusema ndiyo. Riwaya yangu yote ilisimama hapo.

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi sijui. Toa kidole hapo, nakuona. Mpe huyo mpishi njaa, halafu uone kama atabaki."

Sikufuta. Katika sura ya pili mpishi anaondoka na mtoto wake na sufuria moja, na himaya bado imesimama nyuma yake.

Siku hizi namtumia dada kila sura kabla sijaisahihisha. Bado nasita kwenye kitufe cha kutuma, lakini nabonyeza.