Mfagiaji wa kasri na peasi la mama yake

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha sufuria kinagonga taratibu: ti, ti, ti. Luan Guizhi anakiinua kabla uji wa mtama haujafurika, kisha anategea sikio upande wa kitanda. Mama yake bado amelala.

Kwa miaka 19, Luan, 54, amefagia nyua za kasri la wafalme katikati ya Beijing. Chumba wanachoishi kiko mwendo wa dakika kumi tu kutoka ukuta wake mwekundu. Hata hivyo mama yake, Bibi Shi Jingfang, 81, hajawahi kuingia humo.

"Sisi wa hapa tunasema kasri ni la wageni. Halihami, tutaenda kesho," anasema Luan. "Kesho yenyewe ndiyo hii."

Tangu mwaka juzi Bibi Shi anasahau. Yalianza kumpotea majina ya majirani, ikafuata njia ya kwenda choo cha mtaa. Mara mbili ameacha gesi wazi. Mshahara wa Luan, yuan 3,600 kwa mwezi, hautoshi kumlipa mtu wa kumwangalia mchana. Ijumaa mama anahamia nyumba ya wazee, mwendo wa saa mbili kwa basi.

Leo ni Jumatano, siku ya Luan ya mapumziko. "Nataka aone ninapofanya kazi, angali ananijua," anasema. "Ni hilo tu."

Anamfunga mama skafu, anamketisha kwenye kiti cha magurudumu, kisha anamtilia mfukoni peasi moja lililoiva hadi kulainika. Ni la mama peke yake. Katika lugha yao, "kugawana peasi" na "kuachana" hutamkwa sawasawa, kwa hiyo watu wa nyumba moja hawaligawani.

"Utotoni, likipatikana moja ananipa zima," anakumbuka Luan. "Nikisema tugawane, ananichapa mkono. 'Unataka kuniacha?'"

Ndani ya kasri upepo ni mkali. Kwenye kizingiti kirefu, mfagiaji mwenzake, Mzee Qu, anaweka ufagio chini na kusaidia kuinua kiti.

"Bosi kaja kukagua! Ukidondosha ganda hapa, Guizhi, nakuitia askari."

"Fagia wewe, punguza domo."

Mzee Qu anacheka. Kisha anavua glavu zake na kumvisha Bibi Shi, kidole kwa kidole.

Bibi Shi anaonyesha doa jeusi kwenye jiwe. "Hili limeachwa na mvivu gani?"

"Ni chingamu, Mama. Mimi ndiye ninayezibandua. Napiga magoti, nakwangua."

"Pole," anasema Bibi Shi. "Kazi ngumu hiyo."

Karibu na lango la kaskazini wanapumzika chini ya misonobari. Bibi Shi anatoa peasi, analipasua kwa vidole, anamnyooshea Luan nusu.

"Kula, dada. Umenisukuma tangu asubuhi."

Luan anaitazama ile nusu. "Mama, sisi hatugawani."

"Sisi kina nani?" anauliza Bibi Shi kwa upole. "Nisiyegawana naye ni binti yangu. Wewe kula, hakuna ubaya."

Luan anapokea. Anakula yote, hadi mbegu, kwa sababu mama anamtazama.

Kasri hili watu huingilia kusini na kutokea kaskazini, na ukishatoka huruhusiwi kurudi. Nje ya lango, Luan anafuta uso kwa mkono wa koti. Ameshaomba Jumatano zote ziwe zake, anasema, ili apande basi kila wiki.

"Hata asiponijua, atazoea kwamba kuna mtu wa Jumatano."

Nyumbani, Bibi Shi anamshika mkono mlangoni, glavu za Mzee Qu zikiwa bado mikononi mwake.

"Njoo tena unitembelee, dada," anasema. "Njoo jioni. Binti yangu atakuwa amerudi kutoka kazini, atafurahi kukujua."